Heshima Niliyompa Mnunuzi Mlangoni

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi na nimezoea kusimama mbele za watu, lakini siku ile pale kwetu Kaagya nilitamani niwe mdogo kama punje ya kahawa.

Zamani chama chetu cha wakulima kilikuwa na watu watatu, katibu, mpima mizani na mimi mtunza ghala, na kila mmoja alifanya kazi ya mwenzake, tukashona magunia huku tukitafuna kahawa na kutaniana, bila kujua nani atainywa huko iendako. Tulipoanza kuwauzia Wazungu moja kwa moja, kazi zikagawanyika: mkuu wa ubora, mtu wa kumbukumbu za mashamba, tena chumba cha kuonjea ambacho hata mimi naingia kwa kubisha hodi. Mkuu wa ubora ni Koku, binti niliyemfundisha kipaimara, naye huniita Taata, yaani baba. Siku hiyo mnunuzi, mama mmoja mpole, alikuja kuamua kama atachukua kahawa yetu ya msimu mzima au ataiacha.

Koku alinipa kazi moja tu, kumpokea mgeni mlangoni nimfikishe kwake. Lakini mgeni gani anaketi kwa Mhaya bila kuwekewa kahawa kiganjani? Nikatoa mfukoni ile ya kutafuna, tunayoichemsha na majani ya harufu kisha tunaikausha kwa moshi. Mama akatafuna yote kwa adabu, nikamwongezea (nilifurahi mno, Mungu anisamehe).

Kule chumba cha kuonjea akaonja kikombe cha kwanza, akakunja uso. Cha pili, vilevile. Cha tatu akaweka kijiko chini, akasema kahawa yote ina moshi. Koku machozi yakamlenga, na wakulima waliokuwa dirishani wakaanza kulaumiana, nani kaanika kahawa yake karibu na jiko. Ningeweza kunyamaza, ila dhamiri ilinisukuma, nikasema moshi ule ni wangu.

“Taata, umempa nini?” Koku akauliza.

“Heshima.”

“Nyingi?”

“Viganja viwili.”

Alipotafsiriwa maneno hayo, mgeni alicheka mpaka akashika meza, akaomba aonje kesho yake ulimi ukiwa umetulia. Akaonja, akaichukua yote. Namshukuru Mungu.

Wiki iliyofuata nilikuta kitengo kipya kimeandikwa ukutani, Mapokezi, jina langu peke yake, na chini yake maneno “baada ya kuonja”. Nimeapa kutii. Sasa nakaa nje na kahawa yangu, nikiwakumbuka wale wenzangu wawili, mpaka kazi ya ndani iishe. Ni mara ya kwanza katika umri wangu kumkaribisha mgeni wakati anaaga.