Sauti Niliyoiokota Saluni

Kiingereza changu nimekiokota saluni, hapa Point, mtaa wa Durban, mikono ikiwa kwenye nywele za watu na masikio yakiwa kwa mwenye saluni. Ni mama wa Kihindi wa Queensburgh, na kunyamaza hajui. Mababu zake waliletwa Durban kukata miwa, wakakipokea Kiingereza cha wenye mashamba kwa ndimi za Kitamil, watoto wao wakakirithi hivyohivyo. Wazulu nao wana chao, Wazungu chao. Nani amekosea? Hakuna. Kila mtu alikivisha nguo ya kwao. Mimi Mkongo nikavaa ya tajiri yangu bila kujua.

Miguu ilipochoka kwa kusimama, niliomba kazi ya kupokea simu katika kampuni ya kukodisha magari. Msimamizi alinijaribu kwa simu kwanza. Tuliongea vizuri, akacheka, akaniambia nije kesho yake. Nilipofika alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, akimtafuta mama wa Kihindi aliyeongea naye jana.

“Tutakupigia,” akasema.

Nilichukia, lakini niliitaka ile kazi. Tangu hapo simu ikahamia kifuani. Kila namba nisiyoijua niliipokea kwa sauti ya tajiri yangu, nikiivuta zaidi ya mwenyewe. Nilisuka huku nachungulia kioo cha simu, nikafumua, nikasuka tena. Nilitoka mlangoni, nikarudi, nikatoka.

“Eish, dada,” akasema mwenzangu Mrundi, “uko nazunguka kama kuku iko natafuta pa kutaga. Ikaa!”

Nitakaaje? Kukaa ndiko nilikokuwa nakutafuta, kwenye kiti, na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Ijumaa mchana simu ikalia, namba ngeni. Nilimwacha mteja na kichwa nusu, nikakimbilia nje, nikasalimu kwa kile Kiingereza, kitamu, cha kazi. Nikauliza nimsaidie nini.

Ndipo nikasikia kikohozi ninachokijua tangu utoto wangu Bukavu. Mama yangu, kwa simu ya kuazima.

“Pardon, madame,” akasema polepole, akiomba radhi kwa heshima anayowapa wageni. “Nilikuwa natafuta mtoto wangu.”

Akakata kabla sijamwita. Nilipopiga, ile simu ilikuwa imezimwa.