Kilwa Ipi?

Warda binti Mfaume alikaanga vitumbua stendi ya Kilwa Masoko miaka yote ya ujane wake, na kama baba yake asingeacha nyumba ya vyumba vinne, angekuwa anavikaanga mpaka leo. Nyumba waliachiwa yeye na kaka yake Twalib, mnunuzi wa ufuta, mtu ambaye hajapata kuona chumba kitupu bila kuona magunia ndani yake. Wakapatana: Warda alaze wageni mpaka ufuta uanze kuvunwa. Vyumba vikibaki vitupu, nyumba inakuwa ghala. Warda aliitikia kwa mdomo tu, maana moyoni ile nyumba ndiyo ilikuwa heshima yake.

Basi akamtafuta fundi wa tovuti kutoka Lindi mjini, Nurdin, bwana wa maneno matamu. Nurdin akamfungulia kazi yake kwenye kompyuta: picha zinapishana, taarabu inalia, maandishi ya dhahabu yanasema, "Karibu Kilwa, karibu kwenye ukarimu usio na mwisho." Warda alitokwa na machozi. Hakuuliza namba ya simu imeandikwa wapi. Nani anauliza mambo hayo mbele ya dhahabu?

Simu zikaanza kulia, lakini simu gani hizo! "Tumeshuka Kivinje, nyumba hatuioni." "Tuko kwenye boti ya Kisiwani, ndiko kwenyewe?" Warda alikasirika. Mtu mzima na akili zake anapoteaje Kilwa? Kila aliyepiga alimrudishia swali, "Kilwa ipi?", na wengi, jua likishawachosha, walilala huko huko walikopotelea.

Aliyefika ni Salome, mwalimu kutoka Songea, na mama yake mwenye magoti mabovu. Walikuwa wamezungushwa tangu Kivinje, na adhana ya magharibi ikawakuta mlangoni.

"Shikamoo, mama," Salome alisema, akijikaza asionyeshe hasira.

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Lakini mmepoteaje, na tovuti ipo?"

"Mama, tovuti ndiyo iliyotupoteza." Akampa simu yake. "Hebu jifanye wewe ndiye mgeni."

Warda hakuwa amewahi kuifungua kwa simu. Kiduara kilizunguka, kikazunguka. Ikaja taarabu, ikaja dhahabu. Namba akaikuta chini kabisa, vitarakimu vidogo kama punje za ufuta. Na neno Kilwa limejaa kila mahali, Masoko halipo hata mara moja. Naye ndiye aliyemwambia Nurdin aandike hivyo! Mtu wa Masoko akisema Kilwa anasema kwake, na wa Kivinje anasema kwake, na wenyewe kwa wenyewe hawapotezani. Warda aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Ulipoifungua ulitaka kujua nini?" aliuliza.

"Nyumba iko wapi, tushuke wapi, maji yapo, vyandarua vipo, mama atapanda ngazi au hapandi. Basi. Muziki tungeusikiliza tukishaoga."

Asubuhi Warda akampigia Nurdin. Fundi aling'aka: "Mama, utaua urembo wote!"

"Acha ufe, baba. Mtu akikubishia hodi unamwimbia, au unamfungulia mlango?"

Ikaandikwa upya. Namba ya simu juu kabisa. Picha za vyumba vyenyewe, na shuka zake zile zile. Kisha maneno ya Warda: "Nyumba iko Kilwa Masoko, si Kivinje wala Kisiwani. Basi lako kama haliingii Masoko, shuka Nangurukuru upande gari la Masoko. Ukifika stendi, uliza kwa Warda wa vitumbua. Hakuna ngazi. Vyandarua vipo. Bomba likikauka, maji yako kwenye pipa."

Halafu simu ikanyamaza. Ikanyamaza siku, ikanyamaza wiki. Warda akaazima simu ya jirani ajipigie, akakuta yake ni nzima. Ufuta wa mashamba ya Njinjo ukaanza kukatwa, na Ijumaa baada ya sala Twalib akaja na seremala apime milango, magunia yapite. Warda alikaa barazani akiwaza kwamba kumbe ile dhahabu ndiyo iliyokuwa ikiita watu, naye ameifuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Hodi!"

Bajaji ilikuwa imesimama nje. Wakashuka mume, mke, watoto na mabegi.

"Hapa ndipo kwa Warda wa vitumbua?"

"Ndipo. Karibuni, karibuni! Mbona hamkupiga simu?"

Yule mume akamshangaa. "Tupige ya nini, mama? Kila kitu kimeandikwa. Tena kuna wengine tumewaacha pale stendi, nao wanakuulizia wewe."

Warda alicheka, akalia, akacheka tena, alhamdulillahi zikimtoka moja juu ya nyingine. Twalib alimtazama dada yake, akawatazama watoto ambao walishaingia ndani, akamwambia seremala akunje futi yake.

"Haya, mgeni njoo mwenyeji apone," alinung'unika, akainua begi kubwa kuliko yote. "Nipeleke chumba kipi?"

"Hicho hicho ulichokuwa unapima, kaka."