Mstari Niliouruka Nilipomsomea Mke Wangu

Niliuona. Asije mtu akanitetea kwamba sikuuona. Niliuona kwa macho yangu haya, nikauruka, na leo mke wangu yuko kaburini.

Hapa Kiseke watu wakinipa pole wananiita mume mvumilivu. Jamani, laiti wangejua! Jirani siwezi kumwambia, na kanisani nikifika mlangoni nageuka narudi. Ndiyo maana nawaambia ninyi msioijua sura yangu.

Mimi niliishia darasa la saba. Napakia mizigo kiwandani Nyakato. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa na genge la dagaa kule Igogo. Shule hakuipata vizuri. Herufi alizijua, lakini habari ndefu ilimchosha, kwa hiyo kila kilichoandikwa kikiingia nyumbani nilimsomea mimi. Alipenda kunitania, "Haya mtangazaji, fungua redio yako." Mimi nasoma kwa sauti, yeye anachagua mchele. Nikisoma neno, kwake neno hilo limekwisha, hana swali tena.

Hilo ndilo nililolitumia kumwua. Nasema kumwua kwa sababu sijapata neno jingine.

Ilianza na uvimbe kwenye titi, mdogo kama harage. Tukaenda hospitali, wakachukua kinyama wakakipima, kisha daktari akatuita. Alikuwa dada mpole, umri wa mdogo wangu wa mwisho.

"Ni saratani, mama," alisema. "Lakini umewahi. Tutaliondoa titi, halafu utafuata dawa za dripu. Msikae nyumbani mkawaza sana. Rudini haraka."

"Nikipona nitaweza kubeba ndoo yangu ya dagaa?" Mama Neema akamuuliza.

"Utabeba, tena utaniletea na mimi."

Wakacheka wote wawili. Mke wangu alikuwa tayari! Naomba mlijue hilo. Aliyeogopa ni mimi.

Na niseme yote, hata yanayoniaibisha. Kisu nilikiogopa, ndiyo. Lakini zaidi ya kisu, sikutaka alale kando yangu akiwa na upande mmoja mtupu. Nilitaka abaki kama nilivyomwoa. Mungu wangu, sababu yenyewe ilikuwa hiyo!

Jirani na genge lake kulikuwa na mama mmoja anayeuza dawa za asili za kwenye makopo. Aliposikia habari zetu akaja nyumbani na unga wa rangi ya kahawia. Akasema unaitwa ukucha wa paka, mmea unaotambaa juu ya miti kwenye misitu ya Amerika Kusini, una miiba iliyopinda kama kucha, na wenyeji wa huko wanautumia tangu enzi za mababu zao.

Mama Neema akaunusa. "Paka wa Amerika! Na hawa paka wa Igogo wanaoniibia dagaa, kucha zao hazitibu?"

Tulicheka. Yule mama hakukasirika.

"Cheka tu, shoga yangu. Kwinini uliyomeza utotoni unadhani ilitoka wapi? Gome la mti wa huko huko Amerika Kusini! Na huu nao wazungu wameufanyia utafiti. Baba Neema, nakutumia kwenye simu, usome mwenyewe."

Kwinini hiyo ndiyo iliyonimaliza. Niliukumbuka ule uchungu, masikio yakivuma, halafu homa ikashuka. Nikajiambia, kama mti wa huko uliniponya mimi, kwa nini mwingine usimponye mke wangu?

Habari ikaingia kwenye simu, nikamsomea tukiwa jikoni. Nikasoma kwamba watafiti waliuchunguza ule mmea maabara, na seli za saratani zikafa. Maabara! Kwetu sisi maabara ni pale dirishani unapotobolewa kidole, ukasubiri kuitwa uambiwe kama una malaria. Anayekwenda maabara ni mgonjwa. Mimi nilielewa hivyo, naye alielewa hivyo.

"Kwa hiyo hao wagonjwa walipona?" akauliza.

Nikashusha macho chini zaidi nitafute jibu, ndipo nikakutana na ule mstari. Ulisema seli hizo zilikuwa ndani ya vyombo vya kioo, majaribio mengine yalifanywa kwa panya, na kwa binadamu mwenye saratani bado haijulikani kama mmea huo unatibu. Tena ulionya kwamba mgonjwa asiache matibabu ya hospitali.

Nikausoma tena kimoyomoyo.

"Vipi mtangazaji, redio imeisha betri?"

Nikauruka. Nikasema, "Walipona."

Neno moja tu! Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mchele wake. Hospitali hatukurudi. Walipopiga simu kuuliza, nilipokea mimi, nikasema tumesafiri.

Alikunywa ule unga kwa imani kubwa. Mwanzoni alisema anajisikia ana nguvu, nami nikajipongeza. Kisha uvimbe ukaanza kukua.

"Baba Neema, mbona uvimbe unazidi? Si bora turudi kwa yule dada?"

"Dawa inausukuma utoke," nikamjibu. Maneno hayo sikuyasoma popote, wala yule mama hakuyasema. Niliyatunga mwenyewe, nikiwa nimesimama hapo hapo mlangoni.

Ngozi ikapasuka. Mkono ukavimba mpaka pete ikabidi ikatwe. Mgongo ukamwuma hata akashindwa kukaa gengeni. Nilipomrudisha hospitali nilikuwa nimembeba, na alikuwa mwepesi. Jamani, alikuwa mwepesi!

Daktari alikuwa yule yule. Hakutugombeza. Aliuliza tu tulikuwa wapi, na Mama Neema akamweleza habari ya ukucha wa paka na utafiti wa maabara. Daktari akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, mimi sikatai mimea. Kwinini kweli ilitoka kwenye mti. Lakini maabara ya utafiti si kama hii yetu ya hapo chini. Mle hakuna mgonjwa. Kuna seli kwenye kichombo, kuna panya. Kuua seli kwenye kichombo ni mwanzo tu, hata sabuni inaziua. Kutoka pale mpaka kuwa dawa ya mtu ni safari ndefu, na vingi huishia njiani."

Mke wangu akageuza uso kunitazama.

"Kumbe walikuwa panya, Baba Neema?"

Hapo nilipewa nafasi. Mungu aliniwekea nafasi ile mbele yangu, mke wangu akiwa hai, akili zake timamu. Mimi nikasema, "Hata mimi sikujua."

Akaushika mkono wangu kwa ule mkono wake mzima. "Basi usijilaumu. Tulidanganywa wote wawili."

Alikufa akiamini hivyo. Alinisamehe kosa ambalo halikuwa langu, na langu nikabaki nalo.

Na haikuishia hapo. Mama yake anaishi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Mama Neema, kwa kuogopa ndugu zake wasinilaumu, alikuwa amemwambia kwamba ni yeye mwenyewe aliyekataa kupasuliwa. Sikumtuma! Aliamua mwenyewe kunikinga. Siku ya matanga mama mkwe akanikalisha kando yake mbele ya watu.

"Pole, baba. Umehangaika naye. Huyu mtoto alikuwa na kichwa kigumu tangu mdogo."

Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Akija kusafisha kaburi huwa anang'oa majani huku akilisemesha kwa uchungu: "Uliambiwa uende, ukabisha. Ona sasa. Ona umetuacha." Mimi nimesimama nyuma yake na jembe. Mama anamgombeza mwanawe aliye chini ya udongo kwa kosa langu, na mimi nasikiliza!

Nimejaribu kumtupia lawama yule mama wa makopo. Haikubaliki moyoni. Yeye alinitumia habari yote, mpaka mwisho. Ule mstari ulikuwemo.

Jumamosi navuka kwenda Kamanga. Ile habari sijaifuta kwenye simu. Mama mkwe naye hajui kusoma, nitamsomea, na nikifika kwenye ule mstari nitausoma taratibu, halafu nitamwambia siku ile nilifanya nini nilipoufikia. Akinifukuza nitaondoka. Akinilaani nitapokea. Ila aache kumgombeza mwanawe.

Nanyi mnaosoma haya, nawasihi. Dawa ikitoka mbali na ikisemwa imefanyiwa utafiti, uliza kwanza: walikuwemo watu, au panya tu? Mpelekee daktari wako swali hilo kabla hujaweka kijiko mdomoni. Wewe unayesomewa, mwambie anayekusomea arudie, tena asome mpaka chini. Na wewe unayemsomea mwenzako, nakuomba kuliko wote. Akikuuliza kama walipona, nawe hujui, mwambie hujui.

Sijui. Ndilo neno pekee nililotakiwa kulisema pale jikoni. Mke wangu angelisikia, angeweka ungo chini, angejifunga kanga yake, tukaenda hospitali.