Saumu Iliyobaki Ardhini

Saa moja na dakika kumi asubuhi vijana watatu waliingia uani kwa dada yangu, kijijini Bashay, wakiwa na fimbo. Shemeji alikuwa anakamua ng'ombe.

"Shikamoo, baba," alisema wa mbele.

"Marahaba."

Ndipo wakamvunja mkono. Walipotoka walimwachia maneno: "Mwambie mama aiondoe fomu yake."

Dada alikuwa anagombea uenyekiti wa kijiji. Fomu nilimjazia mimi, kwa sababu nimejisomea kanuni zote. Hakuna kanuni niliyoikuta inayohusu mtu anayekuamkia kabla ya kukupiga.

Polisi waliandika maelezo. Wale vijana waliendelea kunywa chai senta.

Nilimshauri dada asijitoe. Vitunguu saumu vyake vilikuwa vimekomaa shambani na mvua za kuviozesha zilikaribia. Kwetu mtu akikwama, anapika makande na togwa, anaita majirani, na shamba linang'olewa kwa siku moja. Nikasema, "Waite kama kawaida. Wakija, utajua kura zako."

Akapika sufuria mbili. Hadi saa nne hakuna aliyefika. Kisha bibi wa jirani akasimama mpakani, upande wake.

"Mwanangu, tunakuombea," alimwambia dada.

"Maombi hayang'oi saumu, bibi."

"Najua. Lakini wale vijana wamesema wataandika majina ya watakaokanyaga hapo. Mimi nina wajukuu."

Watu hawa dada amewalimia miaka ishirini. Sikuwakasirikia wao. Niliwakasirikia waliogundua kwamba mkono mmoja uliovunjwa unatosha kufunga midomo ya kijiji kizima. Nilijikasirikia na mimi, niliyewaonyesha hesabu ya kura mbele ya kila mtu: sufuria mbili zimejaa, shambani hakuna mtu.

Tuling'oa wawili mpaka jioni, hatukumaliza hata robo. Usiku mvua ikaanza, ikanyesha siku tano. Siku ya tatu dada aliandika barua ya kujitoa. Hakuniomba nimsaidie kuiandika.

Mpinzani wake akabaki peke yake. Kwenye mkutano wa kumpongeza alisema kijiji chetu ni cha mfano, kina umoja, hakina hata mtu mmoja wa kumpinga. Watu walipiga makofi. Bibi wa jirani alipiga pia, akitazama chini.

Mpinzani alikipata kiti bila hotuba moja ya kampeni. Dada aliacha kilo mia sita zikioza ardhini, na mnadani wiki ile kilo ilikuwa shilingi elfu nne. Alipoteza milioni mbili na laki nne.