Sahani ya Mama Yake Marguerite

Saa tano asubuhi, Houston. Mwatime Kalume anakaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawa. Nyuma yake, kwenye kiti cha magurudumu, Bi Marguerite ananusa.

"Umetia nazi?"

"Sijatia, bibi."

"Apa."

"Wallahi."

Bibi ana sababu ya kutomwamini. Mwatime, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, anamtunza ajuza huyu tangu mwaka jana, 2002. Bibi alipoanza kukonda, mwanawe Zaki, anayeishi Katy, kitongoji cha Houston, alisema asipokula atahamishiwa nyumba ya wazee. Naye bibi alitaka chakula kimoja tu: sayadia, wali wa samaki wa kwao, Aleksandria. Mara mbili Mwatime akaupika kwa tui.

"Samaki bila nazi nilimwona yatima," anasema, akicheka kidogo. "Mara ya pili nilitia kijiko tu. Akajua. Akaniambia, 'Huu wapelekee maharusi wenu.'"

Babu yake bibi alikuwa Msiria aliyeuza kamba za meli bandarini, enzi ambazo katika mtaa mmoja vilisikika Kigiriki, Kiitaliano na Kiarabu. Ijumaa mama yake alikwenda soko la Anfushi kuchagua samaki. Mwaka 1961 serikali ya Misri ilitaifisha biashara nyingi, duka lao likiwemo. Watoto wakaondoka. Mama alikataa, akafia huko. Marguerite hakumzika.

"Hapo ndipo tulipofanana," anasema Mwatime. Mama yake mwenyewe alifariki Mombasa, Aprili. Karatasi za ukaazi za Mwatime hazijakamilika, hakuweza kusafiri. Khitma, kisomo cha kumwombea marehemu, aliisikiliza kwa simu, akiwa amekaa ukingoni mwa bafu ili bibi asisikie kilio.

Wali unaiva. Zaki anaingia, funguo za gari mkononi. Bibi anakula kijiko kimoja, cha pili, anaomba limau, anaendelea. Nusu ya sahani inakwisha. Kisha anaisukuma.

"Inayobaki ya mama. Ameenda sokoni."

"Mama, mama yako alishafariki," anasema Zaki kwa upole.

Mwatime anaifunika sahani. "Nimemwekea, bibi."

Jikoni, Zaki anaongea akitazama sakafu. "Amekula, nimeona. Lakini nafasi kwenye nyumba ya wazee ilipatikana jana, nikasaini. Anahamia Jumatatu. Samahani, Mwatime."

Mwatime anaosha sufuria muda mrefu kuliko inavyohitaji. Akipata kazi kwingine, anasema, siku za mapumziko atapanda basi kwenda huko na kijungu kidogo cha wali.

"Sijui kama wataniruhusu kuingiza chakula. Nitakwenda hivyo hivyo. Akiuliza kama mama yake amekula, awepo mtu wa kumjibu."