Wali wa Siku ya Kumi

Katika chama cha wanafunzi wa Kihindu cha chuo kile cha Indiana walikuwako watu wa aina mbili: waliozaliwa Marekani, ambao walicheza, na waliokuja kwa viza, ambao walipika. Mandar Joglekar alikuwa wa jikoni. Usiku wa Diwali, wenzake walipokuwa ukumbini wakizunguka kwa ngoma ya garba ndani ya sketi zilizoshonewa vioo, yeye alikuwa nyuma na karai la mafuta akikaanga bajia. Walipotoka kwenda kupiga picha, ni yeye aliyebaki kukunja mikeka na kuwatafutia watu viatu vyao. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa kutumwa, na mtu wa kutumwa, tuseme ukweli, hatumuulizi habari zake.

Angeulizwa angesema kwamba anasomea nyufa za saruji, mwaka wa nne huo, na kwamba kwao ni Wai, mji mdogo wa Maharashtra kando ya mto Krishna, ambako baba yake ana mashine ya kusaga nafaka. Alikuwa mtoto wa pekee. Kila Jumapili mzee alimuuliza swali lilelile kwenye simu, "Utarudi lini?" naye akajibu jibu lilelile, "Nikimaliza, baba." Wala hakuwa na nia ya kurudi. Kampuni moja ya Chicago ilishampa ahadi ya kazi, naye alishakubali. Alichongoja ni siku nzuri ya kumwambia mzee, na habari kama hiyo haina siku nzuri.

Mwanzoni mwa Desemba mzee akaanguka mlangoni pa mashine yake, mikono imejaa unga, asiinuke tena.

Mandar hakwenda. Viza yake ya kuingilia nchini ilikuwa imekwisha muda. Angetoka ingembidi aombe nyingine Mumbai, na hakuna aliyejua kama angepewa. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa, nayo ilikuwa kweli, nusu yake. Nusu ya pili ni kwamba aliogopa kufika kwao akashindwa kuondoka. Mama yake akamwambia, "Usije, mwanangu, baba yako angetaka umalize." Binamu yake akauwasha moto wa kuuchomea mwili badala yake, kazi ambayo ni ya mtoto wa kiume. Mandar akanyolewa kichwa, kama ipasavyo mfiwa, bafuni na Phanindra, Mtelugu wa kusini mwa India aliyeishi naye chumba kimoja, na baridi ya Indiana ikamwingia mpaka kwenye meno.

Mfiwa hawashi taa ya sala wala hapiki chakula cha miungu mpaka siku za msiba ziishe, kwa hiyo alikaa mbali na chama. Sala ya Alhamisi ilifanyika bila yeye. Wakaagiza pizza.

Siku ya kumi, kwa watu wa kwao, huwekwa matonge ya wali kando ya mto. Kunguru akishuka akayagusa, marehemu ameridhika, anakwenda zake kwa amani. Asiposhuka, kuna jambo limemkaa moyoni. Hapo ndugu husogea mmoja mmoja na kumwahidi: mjane wako tutamtunza, nyumba yako tutaimalizia, mpaka litajwe lile lenyewe na ndege ashuke. Mandar alikuwa amesimama ukingoni pale kwa ajili ya babu yake, akiwa mdogo, na alikumbuka ndege aliposhuka watu wazima walivyolia kwa furaha.

Siku hiyo ilipofika, mama yake alipiga simu asubuhi, kwao jua likiwa limeshazama.

"Hawakushuka," alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Walijaa mtini, Mandar, wamekaa wanatutazama tu. Ami yako kaahidi, binamu yako kaahidi, mimi nimeahidi mpaka nimeishiwa. Jua limekuwa kali tumesimama palepale. Mwisho kuhani akasokota kunguru wa majani, akaugusa wali, akasema yamekwisha."

"Basi yamekwisha, Mama. Dini inaruhusu."

"Dini inaruhusu, mimi siruhusu! Yule ni mume wangu, namjua akinuna. Anakungoja wewe. Weka wali hukohuko uliko, uzungumze naye. Halafu unipigie."

Akapika wali, akauchanganya na ufuta na samli, akakaanga na bajia za vitunguu, ambazo mzee alikuwa akizipenda kuliko chakula chochote. Phanindra alimpigia simu Khyati Gajjar, mwenyekiti wa chama, msichana wa New Jersey mwenye domo na huruma kwa kipimo kimoja. Alikuja mbio, koti limemmeza, wakaenda watatu hadi bustani iliyo nyuma ya maktaba.

Sasa, kunguru wa chuo kile walikuwa na kisa chao. Kila mwaka majira ya baridi yakikaribia walikuja kulala kwenye miti ile kwa maelfu. Mwaka huo waliuchafua uwanja uliopangwa taa za Diwali, chama kikaandika malalamiko kwa wakubwa, na mwandishi, kwa kuwa ndiye wa kutumwa, alikuwa Mandar. Vikafungwa vipaza sauti mitini, vikawa vinatoa kilio cha kunguru anayenyongwa. Wengi walihama. Wahindu wazima, watoto wa watu wanaowalisha kunguru kwa ajili ya wazee wao, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

"Tuliwafukuza sisi wenyewe," alisema Khyati, akitazama miti mitupu. "Kaka Mandar, ulishike hilo. Wasipokuja si baba yako. Ni sisi."

Angependa sana kulishika. Lakini ukingoni mwa paa la maktaba walikuwa wamekaa kunguru watatu, wamejikunyata, wanatazama chini.

Alifagia theluji kwa viganja, akaweka sahani, akarudi nyuma. Hakuna aliyejitikisa juu kule.

"Kwetu kunguru habembelezwi," alisema Phanindra. "Ukitua sahani tu wanaikimbilia kwa ngumi. Hawa naona wamezaliwa hapahapa. Hawali mpaka wapigiwe muziki."

"Nyamaza wewe," Khyati alisema, akampiga kofi la bega. "Huoni mwenzako?"

Mandar alichuchumaa mbele ya sahani, akaanza kuzungumza kwa lugha ya kwao, ambayo wale wawili hawakuijua. "Baba, Mama nitamtunza." Kimya. "Nitampeleka Pandharpur kuhiji, kama ulivyokuwa ukisema." Kunguru mmoja alijikuna shingo. "Masomo nitayamaliza. Paa la mashine nitalitengeneza, lisivuje tena." Yule mmoja akaruka, akatua juu ya benchi, karibu kiasi kwamba Mandar aliliona jicho lake. Akainamisha kichwa upande, akangoja.

Lilibaki moja, na alilijua. Nitarudi. Neno dogo, mtoto angelitamka. Alifungua kinywa. Akaiona Chicago, akaiona kazi yake, mlango ambao kwa miaka minne alikuwa akiusukuma kwa bega. Akaiona na ile mashine, vumbi la unga, wateja na mifuko yao wakimwita mwana wa mzee mpaka naye azeeke. Alimpenda baba yake, hilo asisingiziwe. Ila hakutaka kurudi. Akafunga kinywa.

Khyati hakujua maneno, lakini uso aliusoma. "Liseme hilo liishe, kaka. Ni ndege tu."

"Kwetu ukisema mbele yake, umesema."

"Basi mwambie ukweli."

"Ukweli ndio utakaomfukuza."

Ndipo kindi akachomoka kichakani mbio, akarukia sahani, akanyakua bajia, akapanda nayo mtini. Phanindra alicheka. Alicheka kile kicheko cha msibani kisichozuilika, Khyati naye kikamponyoka, na Mandar akacheka pamoja nao, mpaka kicheko chake kikageuka kuwa kitu kingine na wenzake wakanyamaza kwa aibu. Kunguru wa kwenye benchi alikuwa ameshakwenda. Na wale wa paani pia.

Khyati alipiga magoti, akang'oa majani makavu chini ya theluji na kuyasokota. Kunguru wake alifanana zaidi na ufagio. Mandar alimpokea kwa mikono miwili, akaugusa wali kwa mdomo wake wa majani, na desturi ikatimia.

Alimpigia mama yake akiwa kwenye ngazi za maktaba, wenzake wamesimama kando. Alikusudia kumwambia yote yalivyokuwa, majani na kindi na kila kitu. Lakini simu ilipokelewa kabla haijaita vizuri.

"Ameshuka?"

Aliisikia pumzi ya mama yake. Hakuwa amelala, hakuwa amekula, huenda tangu walipozungumza alikuwa ameishika simu ile mkononi.

"Ameshuka, Mama. Amekula."

Mama akalia. Alilia taratibu, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, na Mandar akafumba macho. Uongo mmoja, alijiambia, umempa mjane usingizi, nani atamlaumu? Alidhani yamekwisha.

"Ulimwahidi nini?"

Hakuwa amelifikiria hilo. Mtu aliyezaliwa kando ya mto ule, anayejua kabisa kwamba kunguru aliyegoma hashuki bure, alikuwa amesahau kwamba ataulizwa.

"Mandar? Alikuwa akitaka nini? Sisi huku tulitaja kila kitu."

Angesema kumtunza mama, lakini hilo waliahidi wote na ndege hakushuka. Hija walitaja. Paa walitaja. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakuna mtu wa kule angeweza kuliahidi kwa niaba yake, na mama yake alilijua. Alikuwa akingoja kulisikia.

"Nilimwambia narudi," alisema Mandar.

Upande wa pili ikapigwa kelele. "Anarudi! Si niliwaambia? Ndilo alilokuwa akilingoja, anarudi!" Akasikia shangazi zake wakiitana, mlango ukigonga, mtu akimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha mama yake akarudi kwenye simu, akanong'ona kama anayempa siri.

"Kesho alikuwa aje yule anayetaka kuinunua mashine. Sikutaka kukwambia. Sasa nitamwambia asije, tutaifunga tu, ikungoje."

"Sawa, Mama."

Khyati alimsogelea, akamuuliza kwa upole kama mama amefurahi.

"Sana," alisema Mandar, akakaa chini kwenye ngazi, juu ya theluji, bila hata kuipangusa.