Moto Alioukataa Verdell

Verdell aliolewa na Alonzo Gaskins akiwa binti mbichi, akahamia kwenye shamba la misonobari la kina Gaskins, kusini mwa Georgia, Marekani. Kila mwaka, baridi ikianza kulegea, Alonzo aliwasha moto chini ya miti. Moto ulikuwa mfupi, ukila majani makavu na vichaka, misonobari ikabaki imesimama. Mvua ikinyesha, kwenye majivu zikachipua kamba za shetani, mmea wa jamii ya kunde wenye maua ya manjano na waridi na mizizi migumu kama waya. Mchanga ule mkavu ulipata rutuba kutoka kwazo, na kware wakaja kudonoa mbegu.

Mwaka mmoja Alonzo alianguka moshini. Moyo ulisimama. Verdell ndiye aliyemkuta, kalala kifudifudi, majivu nyweleni.

Baada ya mazishi, Cleophus, mdogo wa marehemu, alikuja na reki begani.

"Shemeji, nusu ya msitu haijachomwa. Nimalizie?"

"Uwashe moto hapa, mimi nikiwa hai?"

"Si moto uliomuua, Verdell. Ni moyo—"

"Toka kwangu. Na reki yako uende nayo!"

Miaka ikapita bila moto. Mialoni midogo ikasongamana. Majani makavu yakarundikana kwenye mashina ya misonobari, mguu ukizama mpaka gotini. Kamba za shetani zikadhoofu kivulini, zikaacha kutoa maua, mwisho zisionekane tena. Kware nao wakahama. Asubuhi Verdell alikaa barazani na kahawa yake akitega sikio, na ule ukimya ukamuuma kama msiba mpya.

Hatimaye akaenda kubisha hodi kwa Cleophus.

"Nimekuja kuomba moto."

"Leo?" Cleophus, sasa mzee wa mkongojo, akacheka kidogo, kisha akaacha. "Umechelewa, shemeji. Pale chini pamejaa mno. Miti itaumia."

"Na tukiacha?"

"Radi itauchoma msitu siku yoyote, tena vibaya zaidi."

Walichagua siku ya unyevu, wakachoma kidogo kidogo. Moto wenyewe ulipita salama. Lakini ndani ya yale marundo joto liliendelea kufukuta kimyakimya, likiunguza mizizi myembamba iliyokuwa imepanda juu humo. Kufika kiangazi, misonobari mikubwa, ile aliyoikuta babu yake Alonzo, ilikuwa ikigeuka rangi ya kutu, mmoja baada ya mwingine.

Chini yake mizizi ya zamani ya kamba za shetani ilikuwa imechipua. Maua yalijaa.

"Ona, zimerudi," Cleophus alisema.

"Naziona." Verdell alikuwa amepiga magoti, machozi yakidondokea mchangani. "Kutazama juu ndiko kunakonishinda. Nimemuulia Alonzo miti yake."

Cleophus akamshika mkono, akamwinua.

Wakataji walipokuja na misumeno, Verdell alijifungia chumbani, akafungulia sauti ya redio mpaka mwisho.